Uvimbe Umekwisha, Ujumbe Haujakatika

Wasikilizaji wa Butembo, Beni, Oicha, Lubero na Kasindi, jioni ya leo tunazungumza juu ya kansere, lakini nitaanzia mahali ambapo hamkutegemea: kule CTE, kwenye vituo vya kutibia Ebola.

Mnakumbuka. Tarehe 1 mwezi wa nane 2018 Ebola ilitangazwa kutoka Mangina, na haikutangazwa kwisha mpaka tarehe 25 mwezi wa sita 2020. Katika muda huo watu zaidi ya 2,200 walikufa. Maneno juu ya Riposte, ile kampeni ya kupambana na Ebola, yalikuwa mengi, mengine ya haki, mengine ya woga, na sitayafukua leo. Ninachotaka kukumbusha ni hiki: katikati ya vurugu zile, tangu mwezi wa kumi na moja 2018, Profesa Jean-Jacques Muyembe na wenzake walianza kulinganisha dawa nne kwa wagonjwa wa Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Wagonjwa 681 waliandikishwa. Mwezi wa nane 2019 kazi ilisimamishwa kabla ya wakati wake, kwa sababu dawa mbili zilikuwa zimezipita nyingine waziwazi. Kwa wale waliowahi kufika, damu yao ikiwa bado na virusi vichache, karibu tisa katika kila kumi walipona. Na moja ya dawa hizo mbili asili yake ni damu ya Mkongomani aliyenusurika na Ebola ya Kikwit, mwaka 1995.

Dawa hizo mbili ni kingamwili. Mwili wenyewe hutengeneza kingamwili kila unapopambana na ugonjwa. Wataalamu wanachofanya ni kuchagua iliyo bora, kisha kuizalisha kwa wingi kiwandani. Kila kingamwili ina umbo linaloshika kitu kimoja tu. Ile ya Ebola hushika ngozi ya nje ya kirusi, na kirusi kikashindwa kuingia ndani ya seli.

Sasa, iko dawa ya kansere ya titi inayotoka katika ukoo huohuo. Inaitwa trastuzumabu, na Marekani waliiruhusu mwaka 1998, miaka ishirini kabla ya Ebola kufika Mangina. Hii haishiki kirusi. Inashika kitu kilichosimama juu ya ngozi ya seli ya kansere yenyewe, na kitu hicho ndicho kiini cha mazungumzo yetu.

Tuanze na panya. Katika miaka ya 1950, mwanasayansi mmoja Mmarekani, Stanley Cohen, alikuwa akichoma panya wachanga sindano ya maji yaliyotolewa katika tezi za mate za panya wakubwa. Alikuwa akitafuta jambo jingine kabisa, la mishipa ya fahamu, kazi aliyoianza pamoja na Mtaliano Rita Levi-Montalcini. Akaona ajabu. Kitoto cha panya huzaliwa macho yamefumba, na kwa kawaida huyafumbua baada ya siku kama 12 hadi 14. Vitoto vyake vilikuwa vikifumbua macho siku ya saba. Mtu mwingine angeandika pembeni mwa daftari “ajabu” na kuendelea na kazi yake. Cohen aliacha njia akafuata macho ya panya. Mwaka 1962 alikuwa ameshaipata protini ndogo iliyokuwa ikiiamuru ngozi ya kope ikue na kukomaa kabla ya saa yake. Mwaka 1986 yeye na Bibi Levi-Montalcini walipewa Tuzo ya Nobel.

Protini za namna hiyo ndizo tunazoita vichocheo vya ukuaji. Ni ujumbe. Seli moja inautoa, nyingine inaupokea kwa kipokezi kilichosimama juu ya ngozi yake, na habari inapita kwa ndani, mkono kwa mkono, mpaka kwenye kiini: gawanyika, au ngoja, au hama, au usife. Mtoto hukua kwa ujumbe huo. Kidole kilichokatwa na panga huziba kwa ujumbe huo. Usidhani, basi, kwamba vichocheo hivi ni sumu au uchafu. Bila hivyo hakuna hata mmoja kati yetu ambaye angezaliwa.

Katika kansere ujumbe huu haukomi. Wakati mwingine kipokezi kimeharibika kikawa kinapeleka habari ndani hata pasipo mtu aliyeituma. Wakati mwingine vipokezi vimezidi. Mwaka 1987, kule Los Angeles, Dennis Slamon na wenzake walionyesha kwamba baadhi ya akina mama wenye kansere ya titi wana nakala nyingi kupita kiasi za jeni ya kipokezi kiitwacho HER2, na kwamba kwa akina mama hao ugonjwa hurudi upesi. Ni kama mmoja kati ya watano. HER2 ni ndugu wa kipokezi cha kile kichocheo cha Cohen, cha macho ya panya. Trastuzumabu hukaa juu ya HER2 na kupunguza kelele, na pia huwaita askari wa damu waje waimalize seli hiyo.

Mpaka hapa mambo ni rahisi. Ugumu unaanza na swali ambalo kila familia iliyouguza inalijua: kwa nini uvimbe ulikwisha, mama akapona, akarudi shambani, kisha baada ya mwaka au miwili ukatokea tena, safari hii kwenye mfupa au kwenye ini?

Hapa niruhusuni mfano mmoja wa shambani. Mkulima wa Mutwanga au wa Maboya akikata mgomba kwa panga, hasemi ameua mgomba. Shina ameliangusha, majani yameanguka, mahali pameonekana peupe. Lakini tunguu liko ardhini, na mvua mbili zikinyesha, machipukizi yanatoka. Mwaka 1994, kule Toronto, John Dick na wenzake walionyesha kwamba kansere fulani ya damu nayo ina tunguu lake. Walichukua seli za mgonjwa wakaziingiza katika panya wasio na kinga, wakakuta ni seli chache sana zenye uwezo wa kuanzisha ugonjwa upya. Nyingi zilizobaki zilikuwa majani tu. Mwaka 2003 Michael Clarke na kundi lake, Chuo Kikuu cha Michigan, waliliona jambo hilohilo katika kansere ya titi: seli 100 za aina fulani zilitosha kuotesha uvimbe katika panya, huku makumi ya maelfu ya seli nyingine za uvimbe uleule yakishindwa. Hizo chache zikaitwa seli shina za kansere.

Na dawa zetu nyingi, je? Kemoterapia, ile wengi mnaita chimio, inashambulia zaidi seli zinazogawanyika upesi. Seli shina nyingi hugawanyika polepole, nyingine zinalala kabisa, tena zina namna ya kutema dawa nje na kutengeneza upya kilichovunjika ndani yao. Mwaka 2008 madaktari wa Houston walitoa takwimu ambazo binafsi naona zinapaswa kujulikana na kila anayeuguza. Walipima vipande vya nyama kutoka kwenye uvimbe wa titi kabla ya kemoterapia, na tena baada ya juma 12. Uvimbe ulikuwa umepungua. Lakini sehemu ya seli zenye alama za seli shina ilikuwa imepanda kutoka wastani wa asilimia 4.7 mpaka 13.6. Maana yake kemoterapia ilikuwa imefyeka majani kuliko ilivyogusa tunguu. Kisha wakaangalia wagonjwa wengine, wenye HER2 nyingi, waliopewa dawa inayozima ujumbe wa HER2 kutoka ndani ya seli. Kwao sehemu ya seli shina haikupanda. Ilielekea hata kushuka kidogo.

Nadhani mmeanza kuona nyuzi mbili zikikutana. Vichocheo vya ukuaji havifanyi uvimbe uwe mkubwa tu. Ndivyo vinavyozishikilia seli shina zibaki seli shina. Kule Michigan, kundi la Max Wicha lilionyesha, mwaka huohuo wa 2008, kwamba ukiongeza HER2 katika seli za titi, idadi ya seli shina inaongezeka. Ukiizima kwa trastuzumabu, inapungua. Ndiyo maana mimi nasema ukubwa wa uvimbe ni shahidi dhaifu. Daktari anaupima kwa rula kwa sababu rula anayo. Anachohitaji kujua zaidi ni ujumbe gani unaoendelea kupita mle ndani.

Msinielewe vibaya: nadharia hii haikupokelewa na wote kwa vigelegele. Mwaka uleule wa 2008, tena katika chuo kilekile cha Michigan, kundi la Sean Morrison lilichukua kansere ya ngozi iitwayo melanoma, likaipandikiza katika panya wenye kinga dhaifu zaidi kuliko wale wa zamani, likakuta seli moja kati ya nne ilikuwa na uwezo wa kuotesha uvimbe. Moja kati ya nne! Hapo huwezi tena kuzungumza juu ya wachache waliojificha. Pengine, wakasema, uchache ule wa zamani ulitokana na panya wenyewe. Ubishi huo ulikuwa na faida kubwa, kwa maana uliwalazimisha watu kuuliza swali lililo bora: je, seli huzaliwa shina, au hugeuka kuwa shina?

Jibu lilikuwa limeanza kutoka mji wa Cambridge, Marekani, katika maabara ya Robert Weinberg. Walizipa seli za kawaida za titi kichocheo kiitwacho TGF-beta. Seli zile, ambazo kwa kawaida hukaa zimeshikana bega kwa bega, zikaachana, zikarefuka, zikaanza kutembea, na pamoja na hayo zikavaa alama na uwezo wa seli shina. Na hapo, wakulima wangu, mfano wa mgomba unavunjika. Ni kana kwamba jani lililoanguka chini, likipata ujumbe fulani, linaweza kugeuka tunguu. Ukiua matunguu yote leo na kuuacha ujumbe upite, kesho majani yatakutengenezea mengine.

TGF-beta hii si mgeni mwilini. Imejaa katika chembe za damu zinazogandisha kidonda, na ni mojawapo ya wafanyakazi wa kuziba jeraha. Daktari Harold Dvorak wa Boston aliandika mwaka 1986 kwamba uvimbe wa kansere ni kidonda kisichopona: unaiba ujumbe wote wa uponyaji, ukiita mishipa mipya ya damu, ukiita seli za jirani zijenge, na haufiki siku ya kusema basi, imetosha. Nikisikia mtu amechanjwa chale juu ya uvimbe wa titi, au amepakwa dawa inayochoma mpaka ngozi ikatoboka, huwa nafikiri juu ya andiko hilo. Sina vita na wazee wanaojua mitishamba. Nasema tu kwamba juu ya uvimbe wa namna hii, kidonda cha nyongeza hakina kazi njema ya kufanya, na miezi inayopotea wakati wa kupaka ndiyo miezi ambayo ugonjwa unahama.

Sasa tuje nyumbani, kwenye mambo ambayo yanaweza kufanyika hata Butembo.

La kwanza ni kipande cha nyama. Uvimbe ukikatwa na kutupwa, umetupa barua yenye jibu. Kipande hicho kinapaswa kuingia ndani ya formalini ya asilimia 10 katika muda wa saa moja tangu kutolewa, na kukaa humo si chini ya saa 6 wala si zaidi ya saa 72 kabla ya kutayarishwa kwa maabara. Kikikauka, au kikiwekwa katika pombe kwa sababu formalini imekwisha, au kikisahauliwa juu ya frigo juma mbili kikingoja gari la Kampala, vipokezi vinaweza kupotea machoni pa kipimo, na mama akaandikiwa hana kile ambacho anacho. Vipokezi vinavyotafutwa ni vitatu: cha estrojeni, cha projesteroni, na HER2. Familia inayosafiri kupitia Kasindi na Mpondwe mpaka Mulago, kwenye Taasisi ya Saratani ya Uganda iliyofunguliwa mwaka 1967, inafaa ibebe kipande hicho kilichotayarishwa vizuri pamoja na karatasi yake, si barua ya daktari peke yake. Barabara ya Beni hadi Kasindi mnaijua wenyewe, na hatari zake. Kurudi nyuma kufuata karatasi iliyosahauliwa si jambo la kumwombea adui.

Kuna akina mama wasio na hata kimoja kati ya vipokezi hivyo vitatu. Aina hiyo huonekana kwa wanawake wa Kiafrika mara nyingi zaidi kuliko kwa wanawake wa Ulaya, huwashika hata vijana, na ina seli nyingi zenye alama za seli shina. Kwao trastuzumabu haina la kufanya. Kemoterapia na upasuaji wa mapema bado ndiyo silaha kuu. Neno “mapema” hapo lina uzito kuliko katika aina nyingine zote.

La pili ni bei, na hapa nitasema ninavyoona. Mwezi wa kumi na mbili 2019, Ebola ikiwa bado hapa, Shirika la Afya Duniani lilithibitisha ubora wa trastuzumabu ya kwanza ya kampuni nyingine, isiyo ile ya awali. Shirika lenyewe lilieleza kwamba ile ya awali ilikuwa ikigharimu kwa wastani dola 20,000 kwa tiba, na kwamba zinazofanana nayo zilikuwa nafuu kwa karibu asilimia 65. Piga hesabu: mwaka ule bado zilikuwa dola kama 7,000, sindano kila baada ya juma tatu kwa mwaka mzima, na moyo unachunguzwa njiani kwa sababu dawa hii inaweza kuudhoofisha. Nani katika Bulengera au Mulekera ana dola 7,000 zilizolala? Na wakati huohuo, kingamwili za Ebola, nazo za kuzalishwa kwa gharama kubwa, nazo za kutunzwa katika baridi, zilifika mpaka Mangina, kwenye barabara zenye risasi, na mgonjwa hakuombwa franka. Ilionekana basi kwamba inawezekana. Frigo zilipatikana, umeme ulipatikana, wauguzi wetu walijifunza kuweka serumu ile kwa utaratibu mkali. Ebola iliweza kupanda ndege. Kansere ya mama wa Oicha haimwambukizi mtu wa Geneva, na nashuku hiyo ndiyo tofauti.

La tatu linagharimu kidogo, na ndilo nimekuwa nikilitamani tangu mwanzo wa kipindi. Kama kipimo kimeonyesha vipokezi vya estrojeni, iko tamoksifeni, kidonge cha zamani, cha bei ndogo, miligramu 20 kila siku. Yanayofanyika ndani ni ya kushangaza kidogo. Seli shina nyingi za kansere ya titi zenyewe hazina kipokezi cha estrojeni. Estrojeni inawafikia jirani zao, na jirani hao wakishaipokea hutoa vichocheo vya ukuaji ambavyo seli shina zinavipokea na kuongezeka. Tamoksifeni inamziba mdomo jirani. Inafanya kazi kwa muda wote inapomezwa, na sharti lake ni angalau miaka mitano kamili. Majaribio yaliyojumuisha maelfu ya akina mama yameonyesha kwamba miaka hiyo mitano inapunguza vifo vya kansere hii kwa karibu theluthi moja katika kipindi cha miaka 15.

Miaka mitano ni mirefu, najua. Hapo ndipo swali ninaloulizwa kila mara linapokuja: uvimbe umekwisha, kwa nini niendelee kumeza? Nitajibu kwa habari ya kansere nyingine, ya damu, ambayo dawa yake, imatinibu, ilitoka mwaka 2001 na inazima ujumbe mmoja tu uliokwama. Wafaransa walichukua wagonjwa 100 waliokuwa wakiitumia, ambao kwa miaka miwili vipimo vikali kabisa havikuona hata alama ya ugonjwa katika damu yao. Wakawaachisha dawa, chini ya ulinzi wa karibu. Kwa zaidi ya nusu yao ugonjwa ulionekana tena, na wengi katika miezi sita ya kwanza. Waliporudishiwa dawa, walitulia. Seli shina zilikuwepo wakati wote huo, chini ya macho ya vipimo.

Kwa hiyo mama anayemeza tamoksifeni asiiache kwa kuwa titi limelainika, wala kwa kuwa shemeji amesema dawa nyingi zinaharibu mwili. Akipata jasho la ghafla usiku, damu isiyo ya kawaida, au mguu mmoja ukivimba na kuuma, aende kwa daktari aliyemwandikia, wabadilishe pamoja.

Simu ziko wazi kwa dakika ishirini. Atakayepiga aseme kwanza yuko wapi, na tafadhali, azime redio iliyo karibu naye, maana juma lililopita tulisikilizana mwangwi mtupu.